Je, picha isiyo na sura ya mtu yaweza kuonyesha mimi ni nani?

SWALI: Nilizaliwa na kulelewa Jericho, Nairobi. Baba ni Mluhya wa Kakamega, mama alikuwa Mkamba wa Machakos. Lugha zao mbili nazisikia nusunusu. Ninachozungumza ni Kiswahili na Sheng, na kila nikiulizwa kwetu ni wapi najibu tofauti. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipaka jasi na mchanga juu ya kanvasi, nachora mistari kwa mwiko, kisha napitisha rangi. Hakuna mtu wala mnyama, ni uso wenye matuta na mabonde tu. Nilianza baada ya mama kufariki, na humo ndimo ninamojitafuta. Mwaka huu nilipeleka picha kwenye maonyesho ya pamoja, na msimamizi akaniambia kazi ni nzuri lakini ingeweza kutengenezwa na mtu yeyote mahali popote, haoni utambulisho ndani yake. Niongeze michoro ya kiondo au ngoma ya isukuti ili watu wajue ninakotoka? Mama alikuwa fundi cherehani na aliniachia kisanduku cha mabaki ya vitambaa, vifungo na daftari la vipimo vya wateja, naogopa kukitumia. Tena jasi yangu inapasuka na kudondoka. Naambatanisha picha tano. Msomaji, Jericho.

JIBU: Dada yangu, pole kwa kuondokewa na mama. Picha zako tano nimezichapisha na kuzipanga ukutani pamoja, kwa sababu kwenye simu mtu huona moja moja na hukosa kuona yanayojirudia.

Kwa swali la kwanza, hapana. Usibandike michoro ya kiondo wala ngoma ya isukuti juu ya kazi ambayo haikuiomba. Atakayeiona atajua kwamba umesikia Wakamba husuka vyondo na ngoma ile hupigwa Kakamega. Habari hiyo angeipata kwenye kadi ya posta. Juu yako wewe hatajua lolote.

Hata hivyo msimamizi yule aligusa jambo la kweli, na usiyatupe maneno yake yote kwa uchungu. Jasi nyeupe iliyovutwa kwa mwiko katika nusu duara, rangi ya maziwa na kahawia hafifu, mstari wa dhahabu kando: hiyo ndiyo sura inayofundishwa kwenye video nyingi za mtandaoni, na mtu aliye Seoul au Toronto anafuata kipimo kilekile cha jasi na gundi ulichokifuata wewe. Picha yako ya pili na ya nne zimeingia humo. Si ukosefu wa alama za kabila uliozifanya zifanane na za wengine. Vitu vilivyozitengeneza na namna ya kuvitumia vilikufikia pamoja, vikiwa tayari vimeamuliwa na mtu mwingine.

Katika sanaa dhahania, yaani ile isiyo na sura ya mtu wala kitu, mtu hujitokeza katika kitu alichokichagua na katika namna mkono wake unavyokishughulikia. Vyote viwili vikiwa vya kuazima, hata ukiandika jina la kijiji cha babu kwa herufi kubwa katikati ya picha, bado hutakuwemo.

Mtazame msanii wa Kenya, marehemu Rosemary Karuga. Alizaliwa mwaka 1928, mwanzoni mwa miaka ya 1950 akawa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, kisha akafundisha shule kwa miaka mingi. Aliporudi kwenye sanaa kwa nguvu zake zote alikuwa anakaribia miaka 60, na alichokuwa nacho nyumbani kilikuwa karatasi za sabuni na pakiti za unga. Alizikata vipande vidogo na kuvibandika kimoja kando ya kingine hadi vikawa wanawake, ndege na wanyama. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum in Harlem, jijini New York. Kazi zake zina sura, si dhahania kama zako, lakini namtaja makusudi: ukisogea karibu na picha yake unagundua kwamba rangi yenyewe ilishawahi kukaa jikoni. Maisha ya nyumba ya Mkenya yamo tayari ndani ya kitu, kabla hata hujatambua kilichochorwa.

Alberto Burri, Mwitaliano, alikuwa daktari wa jeshi. Alitekwa Tunisia mwaka 1943 akapelekwa kambi ya wafungwa wa vita huko Hereford, Texas, na huko ndiko alikoanza kuchora. Aliporudi Italia aliacha udaktari, akawa anashona magunia yaliyochakaa, yenye matobo na viraka, na kuyawamba kama picha. Hakuna mtu hata mmoja ndani ya kazi zile, wala bendera, ila watu wengi wakizitazama hufikiria majeraha na bandeji. Burri mwenyewe hakupenda kuzieleza kwa maisha yake. Hilo nalo ulishike: una haki ya kutoeleza. Mshono ukiwa wa kweli, mtazamaji ataufuata mwenyewe.

Hapa kwetu nenda Mukuru, upande wa Lunga Lunga, walipo Wajukuu, kundi la wasanii wa mtaa huo. Mwaka 2022 kundi hilo lilialikwa kwenye maonyesho ya documenta kule Kassel, Ujerumani, likajenga njia ya kuingilia ndani ya jumba kwa mabati yaliyochakaa, na likatunukiwa tuzo ya Arnold Bode. Hawakuhitaji kuchora picha ya mtaa wa mabanda. Mabati yenyewe yalisema yote. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, huchora watu kwa rangi ya mafuta, lakini badala ya kanvasi hutumia lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kutoka Uganda, ambacho Waganda hukitumia kwenye sherehe na maziko. Lubugo lina matobo na mishono, na picha zake hulazimika kupita juu ya matobo hayo. Ukipata nafasi ingia NCAI, taasisi ya sanaa aliyoianzisha, kando ya Limuru Road. Ukubwa wa jengo usikutishe. Wewe ni msanii na pale ni pako.

Msanii El Anatsui wa Ghana simtaji kwa urefu, maana najua umeshamwona. Ninachokuomba ni kutomwiga. Vizibo vya chupa za pombe alivyoviunga kwa waya wa shaba vina historia ya biashara ya pombe na watumwa katika pwani ya Afrika Magharibi, na yeye alifanya kazi Nsukka, Nigeria, kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuvifikia. Nairobi nimeona kazi nyingi za vizibo ambazo mwenyewe hawezi kueleza kwa nini ni vizibo.

Sasa nije kwenye picha zako, maana humo ndimo nilimokaa zaidi.

Kuna jambo ambalo umelifanya katika zote tano na hukulitaja hata kidogo kwenye barua. Pembeni mwa kila picha umeacha ukanda usio na jasi, upana wa kidole hivi, unaozunguka pande zote. Katika picha ya kwanza ukanda huo umeukunja kuelekea ndani. Katika ya tatu umeuchora kwa penseli kwanza, halafu ukausimamisha uso wako wote wa jasi kwenye mstari huo bila kuuvuka hata mara moja. Hakuna video inayofundisha hivyo. Zile video hupaka jasi mpaka ukingoni na kuizungusha nyuma ya fremu. Nafasi hiyo naijua ni ya nini, na nadhani wewe unaijua zaidi yangu. Ni nafasi ya mshono. Ni ile ambayo fundi huiacha nje ya chaki anapokata kitambaa, ili nguo iweze kuungwa, na ikibidi iweze kuongezwa siku mtoto akinenepa. Umekua chini ya meza ya cherehani ukiona mkono wa mama ukiacha nafasi hiyo kila siku, na sasa mkono wako unaiacha bila kukuuliza.

Huo ndio utambulisho aliokuwa akiutafuta yule msimamizi. Haukuonekana kwa sababu umeufanya kwa woga, kwa kiasi kidogo, kama kitu cha kuficha chini ya fremu. Picha ya tano imekaribia kuusema: pale umeacha ukanda ule uwe mpana zaidi upande wa kushoto na matuta ya jasi yanateremka kuuelekea. Nimeitazama mara nyingi kuliko zingine zote. Anzia hapo. Fanya ukanda uwe mpana hadi theluthi ya picha. Fanya picha mbili zenye nafasi ya mshono zinazoelekeana lakini hazijaungwa. Fanya moja iliyoungwa kisha ikafumuliwa, matobo ya sindano yakabaki.

Kuhusu Ukamba na Uluhya, usifikiri ninakukataza kwenda kwenye asili yako. Ninakataza njia ya mkato tu. Ukitaka kiondo kiingie kwenye kazi yako, nenda soko la Kariokor ukae na akina mama wanaosuka, jifunze kusokota mkonge na kuanza kitako cha kiondo, usuke kimoja kibaya mpaka mwisho. Baada ya hapo, ikiwa mzunguko wa uzi utaingia kwenye jasi yako, utakuwa umeingia kupitia vidole. Usipoingia, si kosa. Kaloki Nyamai, aliyekuwa mmoja wa wasanii wanne wa banda la Kenya kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2022, hushona na kupachika tabaka juu ya tabaka katika picha kubwa zinazozungumzia historia ya Wakamba. Anaipata historia hiyo kwa masimulizi ya wazee wake na kwa uzi, si kwa nembo. Dickens Otieno, mwenzake katika banda lilelile, hukata makopo ya alumini kuwa nyuzi na kuyafuma kama nguo. Wote wawili wangefaa kuwa darasa lako kwa sasa.

Na kujibu tofauti kila unapoulizwa kwetu ni wapi, hilo nalo ni jibu. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmaasai, na alisomea India. Mkusanyo wake wa sanaa sehemu yake iko Nairobi Gallery, lile jengo la mawe la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, mwisho wa Kenyatta Avenue. Tembea humo uone vitambaa, shanga na vinyago kutoka pembe nyingi za Afrika vilivyokusanywa na mtu ambaye ukoo wake haukukaa kwenye kisanduku kimoja. Mimi huwapeleka huko wanafunzi wanaodhani lazima wachague upande mmoja kabla ya kuanza kazi.

Sasa mchanga. Uliandika tu kwamba unatumia jasi na mchanga, kana kwamba mchanga ni mchanga. Muulize mwenye duka la vifaa vya ujenzi umetoka wapi. Sehemu kubwa ya mchanga uliojenga Nairobi umechotwa kwenye mito ya Machakos na Makueni, na mito hiyo imeumia kwa kuchotwa huko. Kuna uwezekano mkubwa kwamba kwa miaka yote hii umekuwa ukipaka Machakos ya mama yako kwenye kanvasi bila kujua. Ukishajua, huwezi kuupaka vilevile tena. Safari ijayo ukienda kwa kina mama wadogo, chukua kopo moja la mchanga wa mto ulio karibu na boma, mlipie heshima mwenye shamba, uandike kwenye kopo jina la mto.

Ardhi ya Jericho nayo unayo chini ya miguu. Sehemu kubwa ya Eastlands imekaa juu ya udongo mweusi, ule unaonata viatuni msimu wa mvua na kupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi. Ukipanda upande wa Karura kuelekea Kiambu, udongo ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichoshika kutu ndani yake. Wekundu huo wa chuma haupauki kwa jua. Ni katika rangi za kudumu kuliko zote zinazojulikana. Kule Olorgesailie, kando ya barabara ya Magadi, watafiti wamekuta vipande vya mawe ya rangi nyekundu na nyeusi vilivyotumiwa na watu karibu miaka 300,000 iliyopita. Ukiponda udongo mwekundu na kuuchanganya na gundi, unaendeleza kazi ya zamani sana ya nchi hii. Mweusi ni wa tabia nyingine: chembe zake hufyonza maji zikavimba, zikikauka husinyaa. Wajenzi wanauogopa. Wewe unaweza kuutaka, na nitaeleza kwa nini.

Jasi yako inapasuka kwa sababu umeiweka juu ya kitu kinachocheza. Kanvasi iliyowambwa kwenye fremu hulegea ikipata unyevu na kukaza ikikauka, na ukiigusa kwa kidole hubonyea. Jasi ikishaganda haijui kubonyea. Hapo hakuna gundi itakayokuokoa. Hamia kwenye plaiwudi ya milimita 9 au 12, uipigilie papi za mbao kwa nyuma isipinde, na uizibe pande zote sita, pamoja na kingo, kwa praima ya akriliki tabaka mbili, maana unyevu huingilia kingoni kwanza. Juu yake bandika kitambaa cha amerikani kwa gundi, ukilainishe viputo vitoke, kikauke usiku kucha. Kitambaa hicho kinaipa jasi mahali pa kushika, na kwako wewe kina faida ya pili: unaweza kuacha pindo la kutosha kwa ile nafasi ya mshono.

Paka jasi tabaka za milimita 2 au 3, ungojee ikauke kabisa, kisha ongeza. Tuta la sentimita 3 lijengwe kwa tabaka nyingi, au bora zaidi litengenezwe kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa na kulowekwa gundi, halafu ndipo jasi ipite juu. Uzito unapungua na tuta halivunjiki. Jasi ikianza kuganda kwenye bakuli, itupe. Wengi huiongezea maji ili isiharibike, na jasi iliyoongezewa maji baada ya kuanza kuganda hubaki unga uliojifanya jiwe, ndiyo inayodondoka. Mwezi wa saba, Nairobi ikiwa na baridi na mawingu, ongeza siku za kungoja. Usianike juani kuharakisha, kwa kuwa juu hukauka kabla ya ndani.

Mchanga uoshe mpaka maji yatoke meupe, uukaushe na kuuchuja. Vumbi linalobaki kwenye mchanga ndilo linaloinywa gundi yote, chembe zikakosa cha kuzishika. Kwa kushikilia mchanga na udongo, tumia dawa ya akriliki ile isiyo na rangi inayouzwa kwa wachoraji. Ni ghali, lakini gundi nyeupe ya mbao hulainika ikipata maji tena na baada ya miaka huweza kukakamaa. Kama pesa haitoshi, tumia gundi ya mbao kwenye tabaka za chini na akriliki kwenye tabaka la juu. Kipimo ninachokiamini ni kidole: ikishakauka, sugua. Vumbi likitoka kidoleni, dawa haikutosha. Halafu bandika tepe ya karatasi, ikaze, uivute kwa ghafla. Ikirudi na mchanga mwingi, rudia kwenye kipande cha majaribio kabla ya kugusa ubao wenyewe.

Kuhusu rangi nitasema moja tu, kwa sababu nimeona umetumia rangi ya mafuta ya ukutani kwenye picha ya tatu: mafuta yaweza kukaa juu ya akriliki, akriliki isikae juu ya mafuta. Itabanduka.

Ule udongo mweusi sasa. Uchuje kwa soksi ndefu ya kike, uuchanganye na maji na dawa kidogo sana, uupake kwa unene wa milimita 5 kwenye ubao mdogo, uuache. Utapasuka wenyewe, kwa ramani ileile unayoiona kwenye uwanja wa mtaa mwezi wa pili. Ukishakauka kabisa, dondoshea dawa ya akriliki iliyopunguzwa kwa maji, kwa sirinji, ndani ya kila ufa, mara kadhaa kwa siku tofauti, mpaka usikie kwa ukucha kwamba umeshika. Hapo nyufa zitakuwa zimetokana na ardhi uliyochezea utotoni, na zitakaa. Zile nyingine zilikuwa ajali. Sirinji hiyohiyo itaziokoa picha zako zilizoanza kudondoka: ingiza dawa chini ya gamba lililoinuka, funika kwa karatasi ya nailoni, weka kitabu kizito, uache mpaka kesho yake.

Kisanduku cha mama nimekiacha makusudi hadi hapa, kwa sababu nisingependa ukifungue ukiwa na jasi mbichi mikononi. Kwanza kipige picha chote, kitu kwa kitu. Anza na vipande visivyo na mwenyewe: vile vyembamba vilivyokatwa ukingoni, ambavyo fundi huvitunza tu kwa mazoea. Kitambaa unachokitambua, kilichokuwa gauni la mtu fulani au sare yako, usikikate mwaka huu. Jaribu rangi kwa kusugua kitambaa cheupe kilicholowa. Ikitoka, kioshe kwanza, la sivyo itavuja kwenye jasi yako. Kumbuka jua la mji ulio karibu mita 1,800 juu ya bahari ni kali, na kitambaa kilichopakwa rangi hupauka haraka kuliko udongo, kwa hiyo picha zenye vitambaa zisielekee dirisha. Vifungo usivibandike kwa gundi. Toboa ubao na uvishone kwa uzi, kama vilivyozoea kushonwa. Uzi ukionekana nyuma ni sawa.

Daftari la vipimo ni hazina, na lina sheria zake. Lisikatwe wala lisibandikwe. Wino wa kalamu hupauka na huvuja ukipata maji, na karatasi ya daftari hugeuka njano na kukatika. Peleka kurasa kwa mashine ya kutoa nakala, ile inayotumia unga wa wino, kwa sababu nakala ya mashine hiyo haivuji. Paka dawa ya akriliki kwenye ubao, lalia nakala kifudifudi, ngoja ikauke kabisa, kisha lowesha mgongo wa karatasi na uusugue polepole kwa kidole mpaka nyuzi za karatasi zitoke na mwandiko wa mama ubaki kwenye jasi. Utakuwa umegeuzwa kama kwenye kioo, kwa hiyo mwambie mtoa nakala augeuze kwanza kama unataka usomeke. Na majina uyaondoe. Wateja wa mama wengi wako hai, wako Jericho, na hakuna aliyemruhusu fundi atundike upana wa kiuno chake ukutani. Namba bila jina zinatosha.

Tafuta kwenye daftari hilo vipimo vyako mwenyewe. Fundi mwenye binti mara nyingi humpima, kwa sare ya shule, kwa nguo ya Krismasi. Ukivikuta, vifanye kuwa vipimo vya mbao zako: mabega kwa upana, urefu wa gauni kwa urefu, kwa inchi zilezile alizoandika. Mbao kadhaa za umri tofauti, zikisimama kando kwa kando, hazitahitaji sura ya mtu ndani yake. Hiyo ndiyo kazi ningeifanya mbele ya zingine zote kama ningekuwa na daftari hilo.

Usifanye kila kitu nilichotaja kwa pamoja. Udongo, mchanga, vitambaa, vifungo na mwandiko kwenye ubao mmoja vitapigana kelele. Chagua viwili, fanya mbao ndogo za sentimita 30 kwa 30 kwa msimu mzima, uandike nyuma ya kila moja tarehe na kilichomo. Zikae ukutani. Usijiulize kila jioni kama umejipata. Tazama mkono wako umerudia nini bila kuamrishwa, kisha picha inayofuata uirudie kwa makusudi. Nafasi ya mshono niliiona kwa sababu tu picha zilikuwa tano. Sijui zikiwa ishirini zitaonyesha nini, na hilo nasubiri kuliona.

Kwa maonyesho yajayo, peleka ya kwanza na ya tano, uache ya pili na ya nne nyumbani. Kwenye kibandiko cha ukutani usiandike kwamba kazi inahusu utambulisho. Andika vilivyomo kwa majina yake kamili, na mbao mpya zikiwa tayari utachagua kati ya haya: udongo wa Jericho, mchanga na jina la mto wake, mabaki ya vitambaa vya fundi, nakala ya daftari, jasi, plaiwudi. Mtu akisoma orodha hiyo hatasema ingetengenezwa popote. Na kwa kuwa mbao hizo mpya zitakuwa nzito kuliko kanvasi zako, zitundike kwa skrubu mbili zilizoingia kwenye plagi za ukutani, kamwe si kwa msumari mmoja na kamba.